Ijumaa ya Kwenda Jego

Alhamisi baada ya alasiri, watu wa nyumba ya Bi. Esha pale Msambweni walikaa barazani kuipanga siku ya mwisho ya likizo ya Chande. Chande, mwanawe, alikuwa fundi wa magari Nakuru, katika gereji ya Mhindi mmoja aitwaye Lalji, na mwaka ule wa hamsini na sita, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuja kwao na gari. Halikuwa lake. Lalji alimpa pikapu apeleke mashine ya kusagia Mombasa, apumzike kwao siku kumi na sita, kisha arudi na magunia ya nazi. Alimwandikia na barua ya kuonyesha askari njiani. Jumatatu asubuhi alitaka kulikuta gari limesimama mahali pake. Toka Msambweni hadi Nakuru ni siku mbili za vumbi, basi ilibidi waondoke Jumamosi alfajiri. Ikabaki Ijumaa.

Mwanapili, mkewe, alikuwa ameketi kizingitini akichagua mchele. Ijumaa ile ilikuwa yake. Aliahidiwa tangu Nakuru kwamba mara hii wangekwenda kwao Jego, kule chini karibu na Vanga, ambako mama yake alikuwa hajamwona kwa miaka mitano, na mjukuu wake Saumu, mtoto wa miaka minne, hakuwa amemwona kabisa.

Siku kumi na tano zilikuwa zimekwisha kuliwa. Gari lilipeleka wagonjwa hospitali, likapeleka bibi harusi Gazi, likaleta makuti ya kuezekea, kisha likarudi Gazi kuwachukua waliompeleka bibi harusi. Siku ya tatu Mwanapili aliomba ruhusa aende Jego na basi. Bi. Esha alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo la aibu mbele ya wageni.

"Mke wa mtu mwenye gari apande basi?" alisema. "Watu watasema mwanangu amekuleta uje ulitazame tu."

Kwa hiyo hakwenda na basi kwa sababu gari lilikuwapo, wala hakwenda na gari kwa sababu lilikuwa na kazi.

Aliyeanza kusema pale barazani alikuwa Mjomba Abdurahman, kaka yake Bi. Esha. Katika nyumba ile neno la mjomba ndilo lililokuwa neno, naye alilitoa polepole, kama mtu apimaye kitambaa ghali.

"Kesho asubuhi Chande atanipeleka Kwale," alisema. "Nina karatasi ya shamba nataka nimwonyeshe bwana wa ofisi. Tutarudi kabla ya swala ya Ijumaa."

"Baada ya swala ni dua ya safari," akasema Bi. Esha. "Nimekwisha waambia watu. Pilau itakuwa tayari saa saba na nusu."

"Na Jego?" Chande akauliza. Kwa haki yake, aliuliza.

"Jego ipo," akasema Mjomba. "Baada ya dua mtakwenda. Jego haihami."

Mwanapili aliweka ungo chini. "Mama yangu haoni usiku," alisema.

"Nani aonaye usiku?" akauliza Bi. Esha.

"Hata mchana haoni vizuri, Mama. Kwenye barua ya mwisho alisema haoni mtu mpaka amweke juani. Tukitoka hapa alasiri tutafika jua linakuchwa."

"Macho ya uzee hayo. Hata mimi siyaoni mawe haya ya mchele unayoyatoa."

"Mtafika mapema, inshallah," akasema Mjomba.

Wote wakasema inshallah. Mwanapili naye akasema, kisha akaushika tena ungo wake. Mjomba akaongeza kwamba Jumamosi angepanda nao mpaka Mombasa, akae kiti cha mbele kwa sababu ya goti lake, maana alikuwa na shughuli za kununua kioo cha taa. Hilo nalo likapita.

Jua lilipokaribia kuzama Mwanapili alimfuata Chande nyuma ya nyumba, alikokuwa akiosha magurudumu ambayo kesho yake yangechafuka tena.

"Kesho tutakwenda saa ngapi?" akamwuliza.

"Si umesikia."

"Nimesikia mipango ya watu. Nakuuliza wewe."

Chande alikamua kitambaa. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimfaa kila mtu isipokuwa aliyekuwa karibu naye kuliko wote. "Nifanye nini, Mwanapili? Ni mjomba wangu."

"Sikukwambia ufanye kitu."

"Tutakwenda. Hata tukifika magharibi, tumefika."

"Kweli," akasema Mwanapili, akarudi jikoni.

*

Ijumaa aliamka na adhana, akaswali, akafagia ua, akachemsha chai. Alimvika Saumu gauni lililoletwa kwa ajili ya safari hii, lililokaa sandukuni siku kumi na sita likisubiri siku yake. Chande alikuwa amekwenda kumchukua Mjomba. Bi. Esha alikuwa chumbani na tasbihi yake. Mtu pekee aliyekuwa uani ni Mapenzi, dada yake Chande, aliyekuwa akimenya vitunguu vya pilau.

"Mwambie Mama nimekwenda Jego," Mwanapili akamwambia.

Mapenzi akainua macho yaliyojaa machozi ya vitunguu. "Na gari?"

"Gari lina kazi."

"Ngoja basi umuage mwenyewe, wifi. Atasema nimekutuma mimi."

"Akikuuliza, sema hukuniona vizuri. Una vitunguu."

Alitoka na mtoto mkono mmoja na kikapu mkono wa pili, akasimama barabarani mbele ya duka, mahali ambapo kijiji chote hununua sukari asubuhi. Watu saba walimsalimu, na kila mmoja, baada ya salamu, alitazama nyuma yake kuona kama pikapu linakuja. Basi la Vanga lilipofika, utingo alimtambua.

"Wewe si mke wa Chande wa pikapu? Limekufa?"

"Zima."

"Mmegombana?"

"Nauli ni kiasi gani?"

Utingo alimtajia. Mwanapili alifungua pembe ya kanga na kumlipa. Basi lilikuwa na watu wachache, kwa kuwa siku ya Ijumaa watu hawapendi kusafiri, na nafasi ile kubwa ilimfanya aonekane zaidi. Alimpakata Saumu, akatazama mbele mpaka walipovuka daraja la Ramisi na mashamba ya miwa. Hapo ndipo alipotazama nyuma. Hakuwa amewahi kutoka nyumbani bila kuaga tangu aolewe. Alijaribu kujutia, akaona hajui aanzie wapi, akaliacha.

*

Mama yake, Bi. Riziki, alikuwa amekaa nje ya nyumba yake pale Jego akisuka ukili wa mkeka. Vidole vilikwenda vyenyewe, uso umeelekea upande mwingine. Aliposikia nyayo aliacha kusuka.

"Hodi, Mama."

"Karibu. Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Sauti alikuwa ameijua. Lakini alikuwa amekwisha kosea mara nyingi, akawaita watu majina ya watoto wake, na watu wakacheka. Sasa alingoja mtu ajitaje.

"Mwanapili, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Alinyosha mkono, akaupapasa upepo kidogo kabla ya Mwanapili kuudaka. "Umekuja na nani?"

"Na Saumu."

"Mlete juani."

Mwanapili alimsimamisha mtoto katikati ya ua. Bi. Riziki alisogea kwa magoti, akamshika mashavu, akamgeuza uso huku na huku kama mtu atazamaye tundu la sindano. Saumu, ambaye alikuwa ameonywa ndani ya basi, alisimama kimya na kufumba macho kwa ukali wa jua.

"Ana masikio ya marehemu baba yako," akasema Bi. Riziki baada ya muda. "Maskini. Lakini atafunikwa na nywele."

"Unamwona, Mama?"

"Naona masikio na gauni. Pua naikisia." Akamwachia. "Basi. Nimemwona."

Mwanapili alimtazama mama yake karibu. Mboni zote mbili zilikuwa nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe zaidi.

"Tangu lini yamekuwa hivi?"

"Tangu mwaka juzi. Alipita dresa hapa, yule wa kuchanja watoto, akanimulika. Akasema ni mtoto wa jicho, Mombasa wanamtoa, si jambo kubwa. Lakini nisikae sana."

"Lini alisema?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Miezi saba, Mama. Mbona hukuniandikia?"

"Nilimwambia Thoya wa dukani aandike. Alianza na salamu. Akakusalimu wewe, na mumeo, na mama mkwe wako, na mjomba wa mumeo, na jirani zako wa Nakuru wote kwa ujumla. Tulipofika kwenye macho karatasi ilikuwa imekwisha. Akaandika pembeni kwamba naona juani."

"Mngechukua karatasi ya pili."

"Ni ya kununua," akasema Bi. Riziki. "Na wewe ungefanya nini? Uko Nakuru."

Mwanapili aliwasha moto, akapika wali na samaki aliowakuta wamening'inizwa jikoni, na wakati wote ule alikuwa akihesabu. Jumamosi gari lingepita Likoni. Lingevuka kwa feri, liingie Mombasa. Hospitali kubwa iko Mombasa. Kitu pekee kilichokosekana katika mpango huo ni mtu wa kukaa na mgonjwa, kwa maana mgonjwa wa macho hawezi kuachwa peke yake kama mzigo. Alipofika hapo alipunguza moto, akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi.

*

Saa tisa na nusu, hata alasiri haijaadhiniwa, pikapu liliingia Jego. Mwanapili alilisikia kabla ya kuliona. Alikuwa amejitayarisha kumwona Chande peke yake, amekasirika au amenyong'onyea. Hakuwa amejitayarisha kumwona Bi. Esha kwenye kiti cha mbele, amevaa buibui lake la harusini, na Mjomba Abdurahman nyuma, amekalia gunia, ameukumbatia mdomo wa sufuria kubwa uliofungwa kitambaa.

Bi. Esha alishuka taratibu. Alisubiri mpaka Mwanapili amwamkie.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Watu waliniuliza mke wa Chande yuko wapi," akasema, kwa sauti ya mtu atoaye hesabu. "Wa kwanza alikuwa yule mwenye duka. Nikamwambia ametangulia Jego, maana dua tunaifanyia kwa wakwe mwaka huu. Wa pili nikamwambia hivyo hivyo. Kufikia swala kijiji chote kilikuwa kinajua. Basi ikabidi iwe kweli."

"Samahani, Mama."

"Pilau imepoa. Ya ukoko nimewaachia wageni wa Msambweni."

Mjomba alikabidhi sufuria na kusema goti lake limeumia kwa matuta. Kutoka kwa Chande, Mwanapili alipata habari kwamba safari ya Kwale haikuzaa kitu: bwana wa ofisi alikuwa safarini mpaka Jumanne, na karani alikuwa amewapa kiti wakae, wakakaa.

Bi. Riziki alisimama mlangoni kupokea wageni. Alikuwa amejifunga kanga safi, na kwa kuwa alisikia sauti nyingi alinyosha mkono kwa heshima kuelekea mahali alipodhani mkwe wake amesimama. Hapakuwa na mtu hapo. Mkono ulibaki hewani, wazi, na uso wa Bi. Riziki ukiwa na tabasamu la kukaribisha nguzo ya nyumba.

Watu wote waliuona mkono ule. Bi. Esha aliutazama kwa muda mfupi. Halafu akapiga hatua mbili pembeni, akasimama pale palipoelekezwa mkono, akauweka wake ndani yake.

"Mkwe, habari za siku nyingi," akasema.

"Njema, mkwe wangu. Umenawiri."

"Alhamdulillahi," akasema Bi. Esha, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akikonda na kila mtu alijua.

Dua ilisomwa, pilau ikaliwa, majirani wakaitwa. Bi. Esha alikula kidogo. Alikuwa akiangalia jinsi Bi. Riziki alivyokuwa akiutafuta wali kwa ncha za vidole, ukingoni mwa sinia, ili asiguse upande wa mwenziwe.

Majirani walipoondoka, Mwanapili alisema. Hakupandisha sauti. Alisema kwamba macho ya mama yake hutibiwa Mombasa, kwamba kesho gari linapita Mombasa, na kwamba yeye angebaki naye mpaka atoke hospitali.

Chande alifuta mikono yake iliyokuwa safi.

"Utakaa muda gani?"

"Sijui. Wiki tatu. Mwezi."

"Na mimi Nakuru?"

"Wewe utakwenda kazini."

"Nani atanipikia?"

"Chande," akasema Mwanapili, "una miaka thelathini na minne."

Bi. Riziki ndiye aliyepinga zaidi. Alisema yeye haendi popote, kuku watalishwa na nani, na mke haachi nyumba yake kwa sababu ya macho ya mtu mwingine. Alisema pia kwamba aliyotaka kuyaona amekwisha kuyaona leo asubuhi. Mwanapili aliinuka, akaenda kwa jirani, mwanamke aitwaye Mbeyu, akarudi.

"Mbeyu atalisha kuku," akasema. "Mayai atakula yeye."

"Mayai yote?"

"Yote, Mama."

Mjomba Abdurahman alikohoa. Alikuwa amefuata mazungumzo kwa makini, na alikuwa ameona yanakoelekea. "Kiti cha mbele ni cha watu watatu," alisema. "Dereva, na Mwanapili na mtoto, na mimi. Na nyuma ni nazi. Sasa mgonjwa akiingia, mimi nitakaa wapi?"

Watu walimtazama Chande, maana gari lilikuwa mkononi mwake. Chande alimtazama mama yake. Bi. Esha alikuwa akikunja kitambaa cha sufuria, pembe juu ya pembe.

"Utakaa Msambweni, kaka," alisema.

"Na kioo changu cha taa?"

"Mwambie Mwanapili kipimo. Atakuwa huko mwezi mzima."

Katika maisha yake ya ujomba hakuwa amewahi kuamriwa na dada yake mbele ya wakwe. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena, akaanza kumweleza Mwanapili upana wa kioo kwa kutumia vidole viwili.

Waliondoka kabla ya magharibi ili walale Msambweni. Mizigo ya Bi. Riziki ilikuwa kifurushi kimoja na ukili wake usiokwisha. Yeye alikaa mbele. Bi. Esha alisema amechoka kukaa mbele, akapanda nyuma na Mjomba na sufuria tupu, na buibui lake la harusini.

*

Jumamosi asubuhi, saa nne, walikuwa wamekwisha vuka Likoni na kufika mbele ya hospitali. Hapakuwa na la kungoja. Chande alikuwa na njia ndefu mbele yake: Voi, Mtito Andei, alale ndani ya gari, kisha Nairobi na mteremko wa kuingia bondeni. Safari zote walizofanya tangu waoane walikuwa pamoja. Mwanapili ndiye aliyekuwa akimmenyea machungwa njiani na kumsemesha asisinzie.

Jicho la kulia la Bi. Riziki lilipasuliwa wiki ya pili, likapewa miwani mizito, na aliishi nalo vizuri. La kushoto lilikuwa limechelewa; daktari alisema lingeletwa mapema lingepona. Hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile hakuna aliyejua lolote, na Chande alikuwa amefungua boneti, akipima mafuta aliyokuwa ameyapima wakiwa ndani ya feri.

Alipomaliza alifunga boneti, akasimama mbele ya mkewe na kijiti cha kupimia mafuta bado mkononi.

"Ningekupeleka siku ile ya kwanza," alisema.

"Ndiyo," akasema Mwanapili.

Chande alingoja aongezewe kitu. Mwanapili alimtoa kile kijiti mkononi, akakipangusa kwa pembe ya kanga, akamrudishia, akamwambia asiendeshe na usingizi. Chande alimbusu Saumu, akamuaga mkwewe, akafungua tena boneti na kurudisha kijiti mahali pake. Kisha akaingia garini na kuondoka. Alikwenda polepole mpaka kwenye kona.

"Amekwenda?" akauliza Bi. Riziki.

"Amekwenda."

"Umelia?"

"Hapana, Mama."

"Mimi sioni," akasema Bi. Riziki, "kwa hiyo kama unataka, lia."

Mwanapili alilia kidogo, amesimama, mkono mmoja umemshika mtoto. Halafu akajipangusa, akachukua kifurushi, akamshika mama yake kiwiko.

"Hapa pana ngazi," akamwambia.

"Ngapi?"

Mwanapili alizihesabu. "Nne."

Wakapanda.